Wekundu wa Pangoni

Jambo la kwanza lilikuwa joto la mkeka.

Ilikuwa asubuhi ya Idi ndogo katika uwanja wa sikukuu wa Malindi, zama za rupia, kabla ya vita vya Wajarumani. Kabibi binti Garama wa Muyeye alikuwa akifungua mzigo wake chini ya kibanda cha makuti. Mikeka ilikuwa imelala nje imevingirishwa, na yote ilikuwa na ubaridi wa umande isipokuwa mitatu. Alipoutandaza wa kwanza katika hiyo mitatu na kuupapasa ili atoe vumbi, kiganja chake kilikuta joto pale katikati, mahali pa mgongo, kama mtu aliyekuwa amelala hapo ameinuka sasa hivi. Akapapasa tena. Akajiambia ni jua, na jua lenyewe lilikuwa halijapanda hata juu ya mapaa.

Kabibi hakuwa mtu wa kutishwa na kitu kidogo. Miaka kumi na saba alikuwa akiuza mikeka kwenye viwanja vya sikukuu: Idi zote mbili hapa mjini, Maulidi ya Mambrui, Siku ya Mwaka, na hata Kilifi penye ngoma kubwa. Alijua kukaa kutwa nzima akimtabasamia mtu ambaye anaugeuza mkeka juu chini, anausifu, anamwombea fundi baraka, kisha anakwenda kununua halua. Aliwajua wachonga vigoda, washona kofia na wafinyanzi waliopanga vitu vyao karibu naye, na alijua kwamba yeye ni fundi kuliko wote, ingawa hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Hilo ndilo lililomla roho. Mkono wake ulikuwa umenyooka, mishono yake haikuonekana, lakini wekundu wake ulichujuka. Unga mwekundu wa dukani aliotilia ukindu rangi haukustahimili hata manyunyu, na mnunuzi aliyelalia mkeka wa Kabibi aliamka na mgongo wa waridi.

Wasukaji wa pande zile walikuwa na desturi yao. Ukili, yaani ule utepe mrefu wa ukindu unaosukwa kwanza kabla ya kushonwa ukawa mkeka, haumaliziwi na mtu mwingine. Aliyeuanza ndiye wa kuumaliza. Akifa nao mkononi, wenzake huuvingirisha na kuupeleka kwenye pango moja la mawe upande wa pwani, wakauacha humo pamoja na ubani. Husemwa kwamba humo mna mwenyewe, jini mwanamke, msukaji, na kila kazi iliyokatizwa na mauti ni mali yake. Akipelekewa hutulia. Asipopelekewa huja nyumbani kutafuta mikono.

Mwezi wa Shaabani Kabibi alikuwa amekwenda kupeleka ukili wa jirani yake aliyefariki, na humo pangoni, katikati ya mafungu yaliyooza, akauona mmoja ambao haukuoza. Ulikuwa mwekundu kama punje za komamanga. Maji yalikuwa yakidondoka juu yake kutoka darini, pengine miaka na miaka, na jiwe la chini halikuwa na doa. Kabibi alirudi nyumbani, wala hakulala.

Akangoja Ramadhani. Hapo ndipo ujanja wake ulipomponza, maana alijipigia hesabu ambayo kila mtoto wa chuo cha Kurani angeweza kuipiga: mwezi wa Ramadhani majini hufungwa minyororo. Basi siku kumi kabla ya Idi, adhuhuri, akaingia pangoni kwa mguu wa kulia, akasoma alichokijua, akauchukua ukili, akatoka. Nyumbani aliifunga ncha yake iliyokuwa imeachwa wazi, akaukata vipande vitatu, na kila kipande akakishona katikati ya mkeka mmoja. Majuto ni mjukuu, husema watu, na Kabibi wakati huo alikuwa bado hana mjukuu.

Siku ya Idi watu walijaa kibandani kwake tangu asubuhi. Hakuna aliyekwenda kununua halua kwanza. Mkeka mmoja mwekundu ulinunuliwa na Maryambai, mke wa mwenye duka, ambaye aliusugua kwa kidole kilicholoweshwa, akakitazama kidole chake, akasema, "Leo umetuweza, bibi." Wa pili ulichukuliwa na kijana wa kijiji cha Adu, huko bara, aliyeitwa Karisa, aliyetaka kitu kizuri cha kumlazia mama yake mgonjwa. Wa tatu Kabibi hakuuza. Aliupeleka nyumbani kwa binti yake.

Kache ndiye mtoto pekee aliyembakia Kabibi, na alikuwa na mimba ya miezi minane. Mbili za kwanza ziliharibika. Hii ya tatu Kabibi aliilinda kwa kila dua na kila mzizi, na alikitaka kile kilichomo tumboni kuliko alivyotaka pumzi zake mwenyewe. Akamtandikia binti yake mkeka kwa mikono yake.

Siku ya tatu Kache alimwita kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umerudishwa.

"Mama, mtoto hachezi."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoanza kuulalia mkeka huu. Na mama, mbona chumba kinanuka udi na udongo mbichi? Nani amefukiza?"

Hakuna aliyekuwa amefukiza. Kabibi alimwambia apumzike, akatoka uani kuchemsha maji, na hapo adhuhuri, mji mzima umetulia, akasikia chwa, chwa, chwa, sauti aliyoijua kuliko sauti ya jina lake, sauti ya ukindu unaopitishwa juu ya ukindu, nayo ilitoka chumbani. Akasogea hadi mlangoni, akachungulia, akamwona Kache amelala kwa ubavu akielekea ukutani, na nyuma ya mgongo wake, pale ambapo hapakuwa na mtu, mkeka ulikuwa umebonyea kwa urefu wa mtu mzima, umebonyea begani na umebonyea nyongani, na ule mbonyeo ukawa unasogea taratibu, unamkaribia binti yake, kama mtu anayetaka kumkumbatia mwenzake katika usingizi.

Kabibi alimvuta Kache miguuni, akamburuta mpaka uani.

Wakamwita Kanze. Huyu alikuwa mganga wa Kigiriama aliyehamia Muyeye, mwanamke wa makamo mwenye maneno machache, aliyeuza tumbaku siku ambazo watu hawakuugua. Aliutazama mkeka bila kuugusa, akavuta hewa puani.

"Umeutoa pangoni," alisema.

"Ilikuwa Ramadhani, bibi," Kabibi alinong'ona. "Walikuwa wamefungwa."

"Kufungwa si kufa. Alikuwa amekaa na minyororo yake anakutazama."

Kabibi akaanguka kwenye miguu yake. Kanze akamwinua kwa mkono mmoja, bila upole wala ukali.

"Sikiliza. Huyu hataki roho ya mtu. Anataka kazi yake. Vikusanye vipande vyote vitatu, uvifumue, uviunge viwe ukili mmoja kama ulivyoukuta, uurudishe. Kisipungue kitu."

"Na kikipungua?"

"Atatafuta mikono ya kujazia."

"Achukue yangu."

"Yako ni ya kuiba," Kanze alisema. "Hataitaka."

Kipande cha Kache kikafumuliwa siku ile ile. Cha Maryambai hakikufuatwa, kilijileta. Mama yule alikuja mwenyewe kwa miguu, mkeka umefungwa katika shuka, na alisimama nje ya ua asitake kuingia.

"Chukua, bibi. Sitaki chochote. Mume wangu anasema ni panya." Akatazama nyuma yake, akashusha sauti. "Nikijinyoosha mchana, kuna mtu anajisogeza kunipa nafasi. Panya hana adabu hiyo."

Kikabaki cha Adu. Kabibi alimwacha Kache chini ya ulinzi wa Kanze, akafuatana na wachukuzi wa chumvi mwendo wa siku mbili kuelekea bara, miguu ikapasuka, na njia nzima alikuwa akiomba neno moja tu, kwamba mama yake Karisa awe hai. Alimkuta Karisa amenyoa kichwa.

"Mayo, mama yangu alifariki siku ya pili tu ya kuulalia," Karisa alisema. "Tukamvingirisha mumo mumo. Aliupenda sana."

Kabibi akakaa chini. Akamweleza yote, hakuficha hata moja. Kijana alisikiliza mpaka mwisho.

"Sikumzika mama yangu ili nimfukue," alisema. "Lakini nawe una mwana. Jembe lile pale. Mimi nakwenda shambani, nisione."

Jua lilikuwa la utosi. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, udongo wake bado mwekundu na laini. Kabibi alishika jembe, akapiga mara moja, akapiga mara ya pili, na alipoliinua kwa mara ya tatu akasikia chwa, chwa, chwa, chini ya miguu yake, taratibu, bila haraka, na aliposimamisha jembe hewani sauti nayo ikasimama, na alipolishusha polepole asilete kishindo sauti ikaendelea, na ndipo alipofahamu kwamba huko chini kuna anayemsikiliza, anayengoja afike, na kwamba kile kipande hakingetoka peke yake, kingetoka na mkono umekishika, na mkono ule ungemfuata siku mbili za njia mpaka Muyeye, mpaka chumbani kwa Kache. Jembe likamtoka. Alikimbia mpaka akaangukia magoti kwenye mihogo ya watu, akalia hapo kwa uchungu na aibu, maana alikuwa ameogopa, na mwanawe alikuwa akimtegemea.

Aliporudi alimdanganya Kanze. Alisema amekipata.

Siku tatu alijifungia na ukindu na unga wa dukani. Alichovya mara saba, akatia chumvi, akatia ndimu, akatia kila alichowahi kukisikia. Alikisuka kipande cha tatu kwa mkono wake, akiufuata mwendo wa yule mwenyewe, mbili juu, moja chini, geuza. Mbili juu, moja chini, geuza. Mpaka vidole vikaota malengelenge na mwendo ule ukamwingia hata usingizini. Ulikuwa usukaji bora wa maisha yake. Mbali kidogo, kivulini, mtu asingeweza kuutofautisha na ule wa pangoni.

Akavipeleka vyote pangoni adhuhuri, vimeungwa kimoja. Akauweka ukili mahali pake, akaomba radhi, akalia, akawasha ubani. Alipogeuka kutoka, nyuma yake kitu kikaanza kufumuliwa. Hakikukatwa wala hakikuchanwa. Kilifumuliwa mshono kwa mshono, kwa mkono wa mtu anayejua kazi, kwa urefu wa kipande kimoja tu. Kisha kimya. Kabibi hakutazama nyuma. Aliamua kwamba ni upepo, na njia nzima ya kurudi hapakuwa na jani lililotikisika.

Lakini jioni ile Kache alimshika mama yake mkono akauweka tumboni, na mtoto akapiga teke. Siku ya nne uchungu ukaja. Mtoto akazaliwa msichana, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Kabibi alimpokea kwenye leso yake mwenyewe akacheka na kulia kwa pamoja. Kanze alimtazama mtoto uso, akamtazama miguu, na mikono ilikuwa imefumbwa, asiifumbue. Akaaga.

Arubaini ya uzazi ilitoka siku chache kabla ya Idi ya kuchinja. Kabibi akarudi uwanjani na mikeka yake ya zamani yenye wekundu unaochujuka, akakaa kibandani na watu wakasifu na kwenda zao kununua halua, na moyo wake ulikuwa mweupe. Hakutaka tena kuwa bora kuliko mtu yeyote. Kache alikuja na mtoto, akamlaza juu ya leso kivulini. Maryambai akapita, akasimama kumsalimu.

"Tazama vidole vyake," alisema akicheka. "Huyu atamrithi bibi yake."

Kabibi akatazama. Mtoto alikuwa macho, ametulia, anaangalia makuti ya juu. Mikono yake miwili ilikuwa kifuani, imekutana, na vidole vilikuwa vikienda. Mbili juu, moja chini, geuza. Mbili juu, moja chini, geuza.

"Tangu lini anafanya hivi?" aliuliza.

"Tangu amezaliwa, mama. Hata akilala." Kache alikuwa akitabasamu. "Kina mama wanasema ni upepo wa tumboni. Ila hii rangi ndiyo siielewi. Namwogesha kila siku, haitoki."

Kabibi aliinama, akaishika mikono ile midogo katika mikono yake. Ilikuwa na joto. Ndani ya viganja vyake vidole viliendelea taratibu, bila haraka, kama vya mtu mwenye umri mzima mbele yake. Ncha zake kumi zilikuwa nyekundu. Kabibi alilowesha pembe ya leso kwa mate, akafuta kidole kimoja, akafuta tena kwa nguvu mpaka mtoto akalia, akaitazama leso.

Ilikuwa nyeupe. Wekundu haukuchujuka.