Wimbo wa Gizani

Haya yalimkuta rafiki yangu, mhudumu wa ukumbi wa muziki. Alikuwa akikusanya kadi za maoni baada ya onyesho la mzee mmoja, mpiga piano mashuhuri. Zote zilisifu wimbo mmoja, ule uliopigwa umeme ulipokatika.

"Nililia mpaka taa zikarudi, na sijui nilikuwa nalilia nini," mmoja aliandika.

Rafiki yangu alizisoma tena, moja baada ya nyingine. Giza lilipoingia, yeye ndiye aliyemtoa mzee jukwaani, wakasimama koridoni, rafiki yangu kamshika mzee mikono yote miwili. Ndipo piano ikaanza kulia ukumbini.

"Mzee, nani anapiga?"

"Usiniachie, mwanangu," mzee alinong'ona, huku vidole vyake kumi vikimbonyeza viganjani, noti kwa noti, bila kukosea hata moja.