Mkono Uliotulia

Baharia alikuwa ameshatoa salamu, ameshajitambulisha, ameshaeleza alikotoka na shida iliyomleta, na sasa alikuwa anamtania mwenye nyumba kwamba fundi mwenye mashine nzuri kama hii hana sababu ya kusimama gizani kama mwizi wa kuku. Ndipo taa ikawaka nyuma yake, akagundua kwamba muda wote huo alikuwa anazungumza na ovaroli.

Ovaroli la kijani, limetundikwa ukutani, kofia juu yake, barakoa ya vumbi ikining'inia pale ambapo pangekuwa na mdomo. Mwanamke aliyewasha taa alikuwa amesimama mlangoni na shali begani, akimtazama kwa subira ya mtu aliyezoea kukuta wageni wakipiga soga na nguo.

"Karibu, fundi," alisema. "Naona mmeshafahamiana."

Baharia alicheka mpaka tumbo likamtikisika. Hakuwa mgeni wa aibu. Nusu ya umri wake aliimaliza akifanya useremala kwenye meli za mizigo, katika bandari ambazo hakujua hata kuomba maji ya kunywa, na huko alijifunza kwamba anayewahi kujicheka huwanyima wengine raha. Lakini kicheko cha jioni hii kilikatika mapema kuliko kawaida.

Kwa sababu kabla taa haijawaka, alikuwa amemwuliza yule mtu wa gizani kama anaweza kuishika kidogo mashine.

Na alikuwa amejibiwa.

Sauti ya chini, kavu, kama ya mtu mwenye maranda kooni... *Usiguse.*

Akajiambia ni masikio. Mtu akishafika umri wa kuvaa miwani ili atafute miwani, masikio nayo huanza kujitungia mambo yao.

Kilichomleta ni mkono. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Si sana, chai tu kumwagika kwenye kisahani, ufunguo kugongagonga kitasa kabla ya kuingia. Lakini patasi haijui neno "si sana". Baharia alikuwa mchongaji wa maua kwenye vitanda na milango, hana kazi nyingine anayoijua, na hivi karibuni wateja wawili walimrudishia kazi kwa upole na heshima nyingi. Heshima ile ilimuuma kuliko tusi. Asipopata kitu cha kumchongea, basi uchongaji umekwisha, na ukiisha uchongaji hakujua yeye mwenyewe angebaki nani.

Ndiyo maana yeye na mkewe, fundi cherehani aliyefanya kazi naye chumba kimoja pale nyumbani, walikuwa wamekesha wakilinganisha mashine za CNC, hizi zinazochonga mbao zenyewe kwa kufuata mchoro wa kompyuta. Wakabakiwa na mbili. Ya kwanza ilikuwa dukani, mpya, ndogo, fremu ya alumini, inavutwa na mikanda ya mpira, ingetosha kabisa juu ya meza kati ya cherehani na dirisha. Kasoro yake, ikikutana na mbao ngumu kisu chake hutetemeka na kuacha kingo zenye meno.

"Mashine inayotetemeka kumsaidia fundi anayetetemeka," Baharia alikuwa amemwambia mkewe. "Hapo tutakuwa tumenunua ndugu yangu."

Mkewe alikuwa amejibu kwamba mbao ngumu huchongwa polepole, tabaka kwa tabaka, na kwamba hata cherehani lake halishoni jinzi kwa pupa. Alitaka ile ndogo.

Ya pili ndiyo hii. Mali ya fundi marehemu, mjane wake anaiuza. Miguu ya chuma. Badala ya mikanda, skrubu ndefu nene kama kidole gumba. Meza yake pana kama mlango. Mkewe hakuipenda tangu alipoiona kwenye picha. Alipobanwa aseme sababu, alisema kitu kizuri hivyo hakikai miezi bila mnunuzi. Baharia akamwambia huo ni wivu wa cherehani.

Sasa alikuwa mbele yake. Ilijaa chumba kizima kama ng'ombe aliyelala. Safi, bila kutu. Karakana ilinuka maranda na mafuta ya mashine, na chini ya harufu hizo palikuwa na nyingine, nyembamba...

Harufu ya kucha iliyoungua.

Mjane alimweleza mambo kwa sauti ya chini, huku akisogeza kila kitu kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulibaki ndani ya shali. Mumewe naye aliinunua ikiwa imetumika, kwa mjane mwingine. Alifia humu humu, akiwa amesimama. Baharia akampa pole. Mjane akasema wameshapoa.

Baharia alikuwa amekuja na ubao wake kwapani na mchoro wa ua kwenye flashi, maana mashine hainunuliwi kwa macho. Mjane akachomeka flashi kwenye laptopu, ua likatokea kwenye kioo. Baharia akaubana ubao kwa vibanio, kona nne, barabara. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kuliacha tangu alipokuwa mwanafunzi wa kazi. Akaweka kiganja chake cha kulia juu ya ubao, vidole vimetanuka, akakandamiza ili asikilize nyuzi za mti zinaelekea wapi. Mafundi wenzake walimcheka kwa hilo, wakisema anaupa ubao baraka.

Mjane alipiga hatua moja mbele. Akafungua mdomo.

Akaufunga.

Baharia akaondoa mkono, na mjane akawasha.

*Zzzmmm.*

Mashine ikaenda kwanza kwenye kona yake, ikagusa, ikatulia. Hilo Baharia alilijua, alikuwa ameshaangalia video mpaka mkewe akamwonea huruma. Mashine hizi huanza kwa kuitafuta kona, ili zijue zipo wapi. Baada ya hapo ilitakiwa iende katikati ya ubao, ianze ua.

Haikwenda katikati.

Ilikwenda pale alipokuwa ameweka kiganja.

Kisu kikashuka. Maranda yakaruka, membamba, meupe. Mstari ukapinda, ukapanda, ukazunguka kitu kama shina... hapana, si shina. Kifundo cha mkono. Ukateremka kwenye gumba, ukapanda tena. Baharia akatazama laptopu. Ua lilikuwa bado pale pale, zima, likisubiri. Mchoro haukuwa umeanza.

Ndipo alipohisi jambo lingine.

Mkono wake ulikuwa umetulia.

Akauinua mbele ya macho. Hautikisiki. Umetulia kama mkono wa kijana, kama mkono wa yule seremala wa meli aliyeweza kuchonga waridi wakati mawimbi yanaipepeta meli kama ungo. Machozi yakamlengalenga.

"Umetulia," alinong'ona.

"Hata wa mume wangu ulitulia," mjane alijibu, naye kwa mnong'ono. "Alikuwa anatetemeka kuliko wewe. Kwanza ukatulia mkono, tukashukuru. Kisha bega. Kisha siku moja nikamletea chai hapa... nikamkuta ametulia mwili wote."

Mstari wa nje ulikuwa umekamilika, mkono mzima kwa saizi yake. Sasa kisu kikarudi juu na kuanza kujaza, kukipa nyama kidole kimoja. Cha kati. Kikachonga pingili ya chini, kikachonga ya pili, kikaishia hapo.

Kidole cha kati cha Baharia kilikatwa ncha na mlango wa chuma wa ghala la meli, miaka mingi iliyopita.

Hakuna aliyeiambia mashine.

Aligeuka kumwuliza mjane, akamkuta anatazama rafu iliyo juu ya dirisha. Kulikuwa na mbao zimeegemezwa huko. Ubao mmoja ulikuwa na mkono mnene, wenye pete. Mwingine ulikuwa na mkono wa mzee, mishipa imesimama. Wa tatu ulikuwa mkono mdogo, mwembamba, wa kike. Vidole viwili vimechongwa mpaka kucha. Vilivyobaki ni mstari mtupu.

Shali likateleza begani kwa mjane. Hakuliwahi.

"Nilikuwa nafuta vumbi tu," alisema.

Baharia akabonyeza kitufe chekundu cha kuizima. Mashine ikaendelea. Akabonyeza tena kwa ngumi. Ikaendelea. Kisu kikairudia ile pingili ya pili, kikachora hata kovu lake dogo la pembeni, kikainuka, kikasogea juu ya kidole cha pete.

Na hapa Baharia hakufanya alichopaswa kufanya. Alisimama. Plagi ilikuwa karibu na mguu wake, aliiona, na hakuinama. Mkono ulikuwa umetulia mno. Alifikiria maua yote ambayo hajayachonga. Pumzi moja tu, alijiambia. Acha imalize...

Harufu ya kucha iliyoungua ikampanda puani.

Na nyuma yake, kutoka ukutani, ile sauti kavu.

*Fundi.*

Akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto, akachomoa plagi.

Mashine iliendelea kuzunguka bila umeme, kidogo, kama inayofikiria. Kisha ikasimama, kisu kikiwa hewani.

Mkono wake ukaanza kutetemeka tena. Hakuwahi kuufurahia hivyo.

"Kwa nini usiitupe?" Baharia aliuliza.

"Nani ataibeba bila kuigusa?"

Mjane alikuwa ameinamisha kichwa, akijifunika shali kwa mkono wa kushoto, taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala.

"Nisamehe, fundi," alisema. "Kwangu vimebaki vitatu."

Baharia hakuaga. Aliacha ubao, akaacha flashi, akaacha na kandambili moja kizingitini. Lakini alipokuwa anapita ukutani aliona mkono wa ovaroli, uliokuwa ukining'inia ubavuni alipoingia, sasa umenyooka kuelekea mlangoni. Huenda ni upepo. Madirisha yalikuwa yamefungwa.

"Ahsante, kaka," aliliambia ovaroli. Safari hii hakuona aibu yoyote.

Ndani ya basi alishikilia bomba la siti ya mbele. Vidole vilicheza juu ya chuma kama kawaida yao, *tiki tiki tiki*. Akavitazama ili apate kitu cha kutazama. Akavitazama tena. Kabla hajafika kwake, woga wake ulikuwa umeanza kuchanganyika na kitu kibaya zaidi kuliko woga.

Matumaini.

Mkewe alikuwa kwenye cherehani, pini zimepangwa midomoni, anashona pindo la pazia. Baharia alimsimulia yote, kuanzia ovaroli mpaka kandambili, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao akasimulia kitu bila kuongeza chumvi. Mkewe hakucheka wala hakusema nilikuambia. Aliendelea kukanyaga cherehani polepole, ishara kwamba anasikiliza.

Ndipo Baharia akavuta kiti karibu, akatandaza mkono wake wa kulia juu ya meza.

"Mama watoto, hebu tazama."

Vidole vinne vilikuwa vinatetemeka. Cha kati, kile kifupi, kilikuwa kimelala kimya.

Akaanza kujieleza, maneno yakikanyagana. Kwamba mashine ilikimaliza hicho kimoja tu, na hicho kimoja kimepona. Kwamba yule marehemu kosa lake lilikuwa tamaa, aliiacha ikapanda mpaka begani. Mtu mwenye akili angeipa vidole, vidole tu, halafu achomoe plagi. Ile ya mikanda ni nzuri, hakatai, lakini ile ya mikanda haitampa mkono wake. Angerudi kesho na ubao mwingine. Angesimama na plagi mkononi kabisa. Au siyo?

Cherehani likanyamaza.

Mkewe alitoa pini moja midomoni, akakishika kile kidole cha kati, akakigeuza, akamdunga. Polepole. Nusu ya pini ikazama.

Baharia alikaza meno akisubiri maumivu.

Akasubiri.

Mkewe akaichomoa pini, akaisogeza kwenye taa. Ilikuwa kavu, inang'aa, kama imetoka dukani. Kwenye kidole palibaki tundu dogo, halina hata tone la damu.

"Lakini kimetulia," Baharia alinong'ona.

Mkewe akairudisha pini kwenye pazia, si midomoni.

"Hakijatulia hicho, baba watoto. Kimetangulia. Kesho tunanunua ile ndogo."