Antena ya Dalmas

Kibanda cha Dalmas kiko kando ya reli, katika mtaa wa Laini Saba. Amekuwa fundi wa redio pale kwa miaka ishirini na miwili. Siku hizi watu wanasikilizia redio kwenye simu, na wateja wake wamebaki wazee wachache. Asubuhi anafungua kibanda, anapangusa vumbi, anakaa. Jambo hilo linamuuma sana, ila ukimuuliza atakuambia kazi iko sawa tu.

Mdogo wake Ken aliliona hilo alipokuja likizo kutoka Doha, anakofanya kazi. Alimletea zawadi: kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, mfano wa flash, pamoja na waya na antena fupi.

"Hii inaitwa SDR," Ken alisema. "Ni redio, lakini kazi kubwa inafanywa na kompyuta. Jifunze hii, bro. Hizo zako za kufungua na bisibisi zinaisha."

Dalmas alishukuru kwa mdomo. Moyoni maneno yale ya mwisho yalimchoma. Fundi mzima afundishwe redio na mtoto ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni?

Jioni hiyo alichomeka kifaa kwenye laptop kuukuu ya binti yake Whitney. Nyumba yao ni ya mabati, kuta na paa. Aliweka antena juu ya meza, karibu na chaja ya simu. Programu ikafunguka, lakini kilichosikika kilikuwa shhhh. Alijaribu siku nne, na ikawa shhhh ile ile.

"Baba Whitney, labda kuna kitu hujaelewa," mkewe Mildred alimwambia. "Si umuulize Ken?"

"Nimuulize nini? Fundi ni mimi."

Kiburi hicho ndicho kilichomponza. Alikifungua kile kifaa, akaona mahali alipodhani pamelegea, akapapiga lehemu. Tangu hapo kompyuta haikukitambua tena.

Jumapili kulikuwa na mkutano wa watu wa kwao. Ken alikuwepo, amevaa shati jipya. Dalmas akasimama mbele ya wote.

"Huyu ametoka ng'ambo akaniletea takataka," alisema. "Anaona mimi nafaa vitu vibovu."

Watu wakacheka. Ken alitazama chini mpaka mkutano ukaisha. Alhamisi akarudi Doha bila kuaga, na tangu siku hiyo hakushika simu ya kaka yake.

Miezi miwili baadaye Dalmas alienda Kawangware kutafuta spea kwa Wanja. Wanja ana duka la vifaa vya umeme kwenye ploti ya baba yake, na Jumamosi hufundisha ufundi katika ukumbi wa kanisa, Riruta Satellite. Dalmas akamlalamikia kuhusu kile kifaa, akamweleza hata alivyokipiga lehemu.

"Antena uliiweka wapi?" Wanja aliuliza.

"Kwa nyumba. Juu ya meza."

"Nyumba ya mawe?"

"Ya mabati."

Wanja alichukua redio ndogo iliyokuwa ikiimba juu ya kaunta, akaiingiza ndani ya sufuria, akafunika. Wimbo ukapotea, ikabaki shhhh. Akafunua, wimbo ukarudi.

"Mabati yanazuia mawimbi ya redio," alisema. "Ulikuwa ndani ya sufuria, fundi."

"Mbona redio zangu zinashika humo humo?"

"Zinashika karibu na mlango ama dirisha, na antena umeivuta yote. Hii yako ni fupi. Halafu ukaiweka kando ya chaja. Chaja inapiga kelele. Wewe huisikii, lakini redio inaisikia."

Akatoa kifaa chake mwenyewe, akakichomeka kwenye laptop. Antena akaitoa nje kwa dirisha, mbali na mabati.

"Mtu anayeanza aanze na stesheni ya FM anayoijua," Wanja alisema. "Andika namba yake hapa. Chagua FM ya matangazo. Hii inaitwa gain, ndiyo nguvu ya kupokea. Anza chini, upandishe polepole. Ukiipandisha yote mara moja, kelele inameza kila kitu. Na hiki kifaa kinasikiliza tu, hakitumi. Mazungumzo ya polisi na ya watu binafsi achana nayo."

Kwenye skrini mchoro wa mawimbi ukainuka mahali pamoja kama kilima. "Hiyo ndiyo stesheni," Wanja alisema, akakibonyeza.

Sauti ikaja safi kabisa. Mtangazaji alikuwa akisoma matangazo ya vifo kwa Kijaluo. Dalmas alisikiliza majina ya watu asiowajua mpaka matangazo yakaisha.

"Kwa hivyo changu kilikuwa kizima," alisema.

"Kilikuwa kizima mpaka ulipokipiga lehemu."

Dalmas alimtengenezea Wanja spika kwa wiki mbili, naye akampa kifaa cha aina ile ile kilichotumika. Leo antena yake iko juu ya mlingoti, nje ya kibanda, na waya umeshuka mpaka kwenye laptop. Vijana wanakuja kuona, na wanaondoka wameacha spika za kutengenezwa. Jumamosi Dalmas humsaidia Wanja kufundisha wanaoanza, na kabla ya yote huwauliza antena wameiweka wapi. Kazi imerudi. Ndugu yake hajarudi.

Mkutano wa watu wa kwao ulipofika tena, Dalmas alisimama. Mildred akawasha simu kurekodi.

"Nilimwaibisha Ken hapa, kwa hivyo nasema hapa," Dalmas alisema. "Kifaa chake kilikuwa kizuri. Mimi ndiye sikujua, na sikutaka kuuliza. Nikakiua kwa mkono wangu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mildred akamtumia Ken ile video. Ken akaiona. Kwa siku tatu kila simu ikilia, Dalmas aliikimbilia, akakuta ni mteja.

Siku ya nne ujumbe wa Ken ukaingia. Hakukuwa na salamu.

"Antena ulikuwa umeiweka wapi?"

Dalmas alianza kuandika mengi, akayafuta. Mwishowe akaandika:

"Ndani, bro. Heri ningekuuliza."