Uzi wa Nanga ya Mzee Alexander

Jioni ile Suzana alikwenda stendi ya Buzuruga kuchukua mzigo, na alikwenda amenuna. Mzigo wenyewe ulikuwa nanga, kinanda cha uzi cha Wahaya, mali ya marehemu baba mkwe wake, imetoka Bukoba kwa basi, imeviringishwa kwenye gunia.

Mzee Alexander alikuwa bingwa wa nanga na bingwa wa dharau. Miaka kumi na tatu ya ndoa, hakuwahi kuonja chakula cha Suzana, hata walipomtembelea Bukoba na Suzana akampikia. Mwanza alifika mara moja tu. Alisimama mlangoni akitafuna punje zake za kahawa, akamuuliza mwanawe, "Huyu Msukuma bado yupo?" Kisha akaenda kulala gesti.

Na leo nambeba mimi, Suzana alijisemea, akaubana mzigo kwapani. Hasira ilimpanda mpaka masikioni.

Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa sauti kutoka kwa wifi yake, Kokulinda. "Wifi, nimeufungua uzi, kama tunavyofanya mpigaji akifa. Usifungwe tena mpaka tuanue matanga. Nitakuja Jumamosi niufunge mwenyewe, kwa jina la Josepha. Mwambie kaka. Namjua, hana subira."

Nyumbani, Mirongo, Florian alimpokea mlangoni kama mtoto aliyeletewa zawadi. Miezi miwili sasa familia hii ilikuwa inajifunza muziki sebuleni. Florian kibodi ya mtumba, Suzana kayamba, na binti yao Josepha, miaka kumi na mmoja, gitaa lililomuumiza vidole. Jumapili wangepiga parokiani, siku ya familia. Josepha ndiye aliyesema afadhali nanga ya babu.

Suzana akamsikilizisha mumewe ule ujumbe.

"Jumapili tunapiga, halafu uzi ufungwe Jumamosi?" Florian akacheka. "Mtoto atajifunza lini?"

"Baba Josepha, msubiri dada yako."

"Mama Josepha, mimi nafundisha fizikia. Uzi ni uzi."

Suzana akasonya, akatoka uani kuwasha jiko la mkaa. Mwalimu mzima, kichwa kigumu kuliko mawe ya Mwanza! Akachukua kisu, akaanza kukatakata mchicha kwa nguvu isiyohitajika.

Ndani, nanga ikalia.

Mara ya kwanza kwa kusitasita. Mara ya pili... vizuri. Mara ya tatu vizuri mno.

Kisu kikasimama. Mtoto aliyeshindwa gitaa miezi miwili hawezi kupiga hivyo. Halafu ikaja harufu. Si ya mkaa, wala ya mchicha. Ilikuwa ya kahawa kavu, ile ya kutafuna.

Na sauti ikaanza kuimba.

Kihaya. Kihaya kizito cha wazee. Josepha hajui hata kusalimia kwa Kihaya.

Suzana aliingia na kisu mkononi bila kujua amekishika. Florian alikuwa ameegemea ukuta.

"Anataja mababu," alinong'ona. "Amefika wa tisa. Mimi nawajua watatu."

"Mwambie aache."

"Nimemwambia... Ameniambia nikae chini."

Josepha alikuwa ameketi mkekani, nanga imelala mapajani. Vidole vilikuwa vinavuja damu, na havikupunguza mwendo. Suzana akapiga magoti mbele yake.

"Josepha. Mwanangu. Ni mama."

Mtoto akainua uso. Taya zake zilikuwa zinatafuna taratibu. Kinywani hamkuwa na kitu.

"Huyu Msukuma bado yupo?"

Hofu ilitakiwa ije hapo. Haikuja. Ilikuja miaka kumi na tatu ya sahani zilizorudi jikoni zimejaa.

"Nipo!" Suzana alipiga kelele. "Hapa ni kwangu, na nipo! Hukula chakula changu ukiwa hai, hutamla mwanangu ukiwa umekufa!"

Uzi wa nanga ile ni mmoja tu, unakwenda na kurudi mara nane juu ya ubao. Suzana alikata mahali pamoja.

Twaa!

Mistari yote minane ikalegea kwa pamoja. Josepha akamwangukia mama yake kifuani, joto lile lile la siku zote. "Mama," akasema kwa sauti yake, "vidole vinauma." Suzana akalia, akacheka, akamtukana Florian, akalia tena.

Alipotulia alimpigia Kokulinda, akamweleza yote kwa kunong'ona.

"Wifi," Kokulinda akauliza, "ulifungua fundo, au ulikata?"

"Nilikata."

"Ukifungua, anaondoka. Ndiyo njia yake ya kutokea. Ukikata..."

"Ukikata nini?"

"Sijui, wifi. Hakuna aliyewahi kukata."

Jumamosi Kokulinda alifika, akaunga uzi, akaufunga, akaufungua. Nanga haikutoa hata mlio. Parokiani hawakupiga.

Josepha mzima. Anakwenda shule, anagombana na wenzake, na gitaa sasa analipiga bila kuumia. Ila tangu jioni ile hali chakula alichopika mama yake. Akipika Florian, anamaliza na kulamba sahani. Siku moja Suzana alipika kwa siri, akampa Florian apakue. Mtoto alinusa, akaweka kijiko chini. "Asante, nimeshiba," alisema kwa adabu.

Suzana hajamsamehe mumewe, hajamsamehe mzee, na mkono wake mwenyewe hajausamehe. Lakini kila jioni anapika. Anapakua, anaiweka sahani mbele ya mwanawe, kisha wanakaa wakitazamana.

"Bado nipo," anasema kwa sauti ya chini.

Josepha anatabasamu. Anaisogeza sahani pembeni, na taya zake zinaanza kutafuna taratibu.