Sahani ya Kuzamisha Ziwani

"Sahani ni nzuri, dada, ila itabidi tuitoboe katikati."

Soumaya alimkazia macho mteja wake. Jumamosi hiyo soko la Jabe lilikuwa limefurika. Watu walisukumana kati ya mitumba na mafungu ya samaki wadogo wa ndagala, huku redio mbili zikishindana, moja na habari za vita vya huko milimani, nyingine na rumba. Soumaya alikaa nyuma ya masufuria yake, kitenge cha kijani kimemkaa vizuri mwilini, mtandio mweupe umemteleza begani.

"Utoboe sahani ya kulia? Juu ya nini?"

"Si ya kulia. Ya kuzamisha ziwani."

"Haki ya Mungu! Spéciose, kuya uone mutu! Anataka kupakulia samaki chakula!"

Spéciose, muuza vitenge wa kibanda cha jirani, alicheka mpaka akashika mbavu. Kijana naye akacheka, na hapo Soumaya akaona kwamba ana mwanya. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi barabara, na miwani yake nyembamba ilimpa sura ya mwalimu. Aliitwa Valéry, alikaa Mutanga Nord, na kazi yake ilikuwa kupima maji ya ziwa kwa satelaiti.

"Satelaiti iko kule juu," Soumaya alimchokoza. "Sasa sahani yangu ya nini?"

"Ile inaona rangi tu. Maji ya matope, maji safi, maji yenye chakula cha ndagala, kila moja na rangi yake. Lakini inaweza kukosea. Kwa hiyo saa ileile inapopita, mtu lazima awe ziwani, ateremshe kitu cheupe kwa kamba mpaka kipotee machoni. Urefu wa kamba unaonyesha usafi wa maji. Halafu tunalinganisha na picha."

"Na uyo mutu iko na mtumbwi?"

"Apana. Ndiyo shida yangu."

"Kaka yangu iko nao, na injini," akasema Soumaya, ulimi ukimtangulia. Spéciose alimfinya, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Basi mapenzi yakaanzia hapo. Satelaiti ilipita saa nne na nusu asubuhi, siku ambazo mbingu ilikuwa safi. Rachid, kaka yake, alikaa nyuma kwenye injini akijifanya anatazama milima ya Kongo, na wale wawili wakainama ukingoni, bega kwa bega, sahani ikishuka.

"Bado unaiona?"

"Bado."

"Na sasa?"

"Sasa sioni kitu. Umenisogelea sana, Valéry."

Rachid akakohoa.

Valéry alimfundisha yote: kuteremsha upande wenye kivuli ili mng'ao wa jua usimdanganye, kuhesabu mafundo ya kamba, kurudia kipimo kabla ya kusema namba. Soumaya alishika upesi. Wakirudi walikula samaki wa mukeke wa kuchoma ufukweni, vidole vikinuka ndimu.

"Nikipata nafasi ya kusoma Ubelgiji," Valéry alimwambia siku moja, "naleta wazee wangu kwa baba yako, mzee Radjabu. Siendi bila we, chérie."

Dini zao zilikuwa mbili na watu walisema weee mpaka wakachoka. Soumaya hakujali. Kule kibandani alishaanza kuweka kando seti ya sahani za maua, nzima, kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe.

Mvua zilipoanza, Valéry akaadimika. Vita vilikuwa vimekaribia mji, na siku nyingine milio ilisikika wazi.

"Leo nimebanwa ofisini, roho yangu," alisema kwenye simu. "Nenda na Rachid. Kazi unaijua kuliko mimi."

Sifa hiyo ilimlewesha. Akaenda, akaenda tena, mpaka ikawa desturi.

"Na yeye anafanya nini siku zote izo?" Spéciose aliuliza.

"Anasoma picha."

"Ee. Picha hazina risasi."

Soumaya alinuna siku nzima.

Asubuhi moja ya Novemba simu ililia mapema.

"Chérie, toka uangalie mbingu! Wingu hakuna! Majuma yote haya umepima, lakini satelaiti imeona mawingu matupu. Nikikosa ya leo, Ubelgiji imekwisha."

"Na we unakuja?"

"Nimebanwa. Nifanyie, mpenzi."

Hawakuwa wamefika mbali na ufuko waliposikia milio kutoka kwenye matete. Nani alipiga, mpaka leo hawajui. Ubao wa mtumbwi ulipasuka, kipande kikamchana Rachid shavuni. Walilala kifudifudi kwenye maji machafu ya chini ya mtumbwi, Rachid akiishika injini kwa mkono mmoja mpaka wakagonga mchanga. Hapo simu ikalia.

"Umepata?"

Soumaya alingoja aulize na jingine. Hakuuliza. Sauti ya Valéry ilikuwa imejaa furaha, na Soumaya hakuwa na moyo wa kuizima. Aliogopa kumpoteza kuliko alivyoogopa risasi. Maji hayawezi kubadilika kwa juma moja, akajiambia.

"Nimepata. Metre kumi na mbili, kama juma lililopita."

"Nakupenda!" Valéry akasema, akakata.

Siku chache baadaye alikuja sokoni bila salamu, akatandaza picha juu ya masufuria. Kutoka mdomo wa mto Ruzizi tope la kahawia lilikuwa limetapakaa ziwani, likafunika kabisa pale walipozoea kupimia.

"Mvua ilinyesha kule juu, mto ukamwaga matope. Hapa sahani inapotea kabla ya metre moja. We umenipa kumi na mbili, na mi nimeshatuma Ubelgiji! Sasa wanauliza kama mi ni mwongo."

Soumaya aliinama juu ya picha. "Nilidanganya. Unisamehe. Siku ile..."

"Umenisaliti! We niliyekuamini kuliko wote! Na mi mwenyewe nilijiuliza namba umeipata wapi, maana hakuna mtumbwi uliotakiwa kutoka siku ile. Binamu yangu wa jeshi alinipigia, akasema ziwani kuna hatari, nisi..."

Spéciose aliacha kukunja kitenge.

"Binamu yako alikupigia," Soumaya alisema polepole. "Mbele ya kunipigia mi, ao nyuma?"

"Soumaya, sikiliza..."

"Mbele ao nyuma?"

Valéry alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mbele, kabla sijakupigia," akasema. "Nilidhani watu wa ziwa mnajua pa kupitia. Nilidhani mkiona hatari mtarudi."

"Tulirudi. Rachid alirudi na ubao mu shavu. Mi nilikudanganya metre, Valéry. We uliniuza."

Alimrudishia picha yake. Valéry alipokwisha potea kati ya watu, Soumaya alikaa chini nyuma ya masufuria akalia kama aliyefiwa, kichwa mapajani mwa Spéciose.

Kiangazi kilipofika, Valéry alirudi. Alikuwa amekonda, na shati halikupigwa pasi. Alikuwa ameandika Ubelgiji kwamba namba haikuwa ya kweli na kosa ni lake, na nafasi akapewa mwingine.

"Wazee wangu wako tayari kuja kwa mzee Radjabu," alisema. "Nataka kukuoa. Nifanye nini uniamini?"

Soumaya bado alimpenda. Aliitungua ile sahani yenye tundu kutoka kwenye msumari.

"Kesho asubuhi, kuya ufukweni."

Valéry alikuja. Rachid, na kovu lake shavuni, hakumwitikia salamu. Soumaya akamwekea sahani mikononi.

"Ingia na Rachid. Leo unateremsha we. Mi nabaki apa, nitakupigia simu."

Valéry aliyatazama maji, akayatazama matete. Mguu mmoja ulikuwa tayari ndani ya mtumbwi.

"Chérie," akasema, "leo kuko usalama?"

Machozi yalimtoka Soumaya kabla hajafungua mdomo.

"Swali ndiyo ilo," akasema. "Kumbe ulikuwa unalijua. Mbona siku ile hukutuulizia sisi?"

Aliichukua sahani mikononi mwa Valéry, akapanda njia ya kurudi mjini. Valéry alimwita, akamwita tena. Soumaya hakugeuka.

Alasiri ile wachumba wawili wa Nyakabiga walisimama kibandani kwake, wakaziulizia sahani za maua alizokuwa ameziweka kando chini ya meza.

"Seti nzima?" bibi harusi alishangaa. "Hubakizi hata moja?"

"Chukueni zote," alisema Soumaya, akaanza kuzifunga kwenye gazeti moja moja, zisivunjike njiani.