Kuitwa Mara Moja

Haya yalimpata rafiki yangu Gaspari wa Kamuli, mtu asiyejua kutunga uongo. Mwaka 1993 alikuwa na deki ya video na televisheni ndogo ya kutumia betri ya gari. Siku moja ya mvua alikwenda mjini Omurushaka kuchaji betri, akarudi na kanda ya filamu ya kutisha.

Gaspari haangalii filamu kimya. Za karate anazisifu, ingawa hajaona mpiganaji anayekula. Za Kihindi, anasema machozi yamezidi. Hii, waliyoitazama usiku huohuo, ilimkasirisha kabisa, maana ndani yake dada mmoja aliitwa gizani, akaitika papo hapo.

"Mjinga!" alimwambia mkewe, Speciose. "Huyu hakulelewa? Ukiitwa gizani mara moja, nyamaza. Mtu wa kweli ataita tena."

Mara betri ikaisha, ingawa ilikuwa imetoka kuchajiwa. Giza likajaa sebuleni, ikabaki mvua inayopiga migomba.

Ndipo sauti ya Speciose ikaita kutoka huko migombani: "Gaspari!"

Speciose alikuwa amekaa hapohapo kando yake, amemshika mkono.

Wakanyamaza, wakisubiri mwito wa pili. Haukuja. Ila kutoka kwenye televisheni iliyozimika, sauti ya Gaspari mwenyewe ikaitika: "Naam, nakuja."