Benchi la Chaki Zilizovunjika

Nyumbani kwa Vumbi, hata paka alikuwa fundi wa chaki. Akijikung'uta asubuhi, lilitoka wingu la kutosha kuandikia darasa zima. Kuku mweusi wa jirani aliwahi kuingia uani humo kutafuta punje. Alirudi kwao mweupe pe, na mwenye kuku akamfukuza akisema huyu si wangu. Mambo hayo mtaa mzima unayajua, na asiyeamini amuulize kuku.

Vumbi ndilo jina alilopewa na watu, naye alikwisha kulizoea. Kiwanda chake kilikuwa vyumba viwili nyuma ya nyumba. Katika chumba cha kwanza, mkewe alikoroga poda ya jasi na maji ndani ya ndoo mpaka ikawa kama uji mwepesi. Jasi ni jiwe jeupe, laini. Likisagwa na kuchomwa huwa poda, na poda hiyo ikikutana na maji huganda upesi. Kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya soga. Binti yao alikuwa ameshapaka mafuta kwenye kalibu, yale mabati mazito yenye matundu marefu kama vidole. Uji ulimiminwa humo. Ulipoganda, kalibu zilifunguliwa, chaki zikatolewa na kuanikwa juani.

Chumba cha pili kilikuwa cha kupakia. Humo walifanya kazi akina mama wanne wa jirani. Mikono yao ilipanga chaki kwenye maboksi, na midomo yao ilipanga mambo ya mtaa.

Chaki zilizovunjika zilitiwa kwenye magunia, za rangi huku na nyeupe kule. Magunia yalipojaa yalisukumwa ukutani, kwenye baraza. Yakawa benchi. Miaka ikapita, benchi likarefuka. Mgeni akija, alikaribishwa akae kwenye gunia. Aliyetoka kwa Vumbi alitambulika kwa weupe, hata akiwa amekupa mgongo.

Poda yote ya jasi ililetwa na mtu mmoja, kaka wa mke wa Vumbi. Nasi tumwite Shemeji, kama Vumbi mwenyewe alivyomwita. Shemeji alikuwa na lori kuukuu. Alichukua poda kwenye machimbo yaliyoko ng'ambo ya mto, akaja nayo akipiga honi tangu njia panda.

Wauzaji wengine waliwahi kufika na poda yao kwenye vifuko, wakaomba ijaribiwe tu. Vumbi aliwapa chai na kuwaaga. Alisema kuangalia jasi ya mtu mwingine ni kama kukonyeza mke wa mtu. Atamtazamaje shemeji yake usoni?

Mwaka ule mvua ilinyesha bila kupumua. Mto ukafura, ukachukua daraja. Asubuhi Shemeji akapiga simu. Lori lilikuwa ng'ambo, yeye alikuwa ng'ambo, na jasi ilikuwa ng'ambo. Mafundi wa daraja walisema watu wasubiri, na hawakusema mpaka lini.

Vumbi akaingia stoo. Palikuwa na magunia machache tu ya poda. Moja lilikuwa limelala sakafuni, likanyonya unyevu, likawa gumu kama kichwa cha mwenyewe. Hayo ni maneno ya mkewe, na aliyasema akiwa ameshika kiuno.

Hasara ilikuwa karibu. Kiwanda kilikuwa na oda ya chaki za shule zote za wilaya, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Afisa wa shule alikuja mwenyewe, akakaa kwenye gunia, akasema kwa upole kwamba walimu hawawezi kuandika kwa kidole. Chaki zisipofika kabla ya siku ya kufungua, ataagiza za kutoka nje. Na wale wauzaji wa nje hawauzi mara moja. Hutaka mkataba wa miaka. Alipoondoka, Vumbi aliangalia mgongo wake mweupe ukipotea njiani. Alihisi kiwanda kizima kinaondoka nao, pamoja na akina mama wanne na kazi zao.

Wote wakatoka wakakaa barazani, kila mtu na gunia lake. Hata paka alikaa.

Ndipo alipofika Bi Stoo. Bibi huyu aliishi nyumba ya pili. Alikuwa ametunza stoo ya kiwanda cha chupa mpaka akastaafu, na tabia ya stoo haikumtoka. Alikuwa na miwani ya akiba, funguo za akiba, na meno ya bandia seti mbili, moja mdomoni na moja kabatini. Siku hiyo alikuja kuazima chekeche, ingawa kwake alikuwa nalo. Ukweli ni kwamba alikuwa amesikia ukimya wa kalibu, akataka kujua kuna nini.

"Tumekwisha, Bibi," Vumbi akamwambia. "Jasi hakuna."

Bi Stoo akaketi. Akachomeka kidole kwenye tundu la gunia alilokalia, akatoa kipande cha chaki, akakinusa.

"Na hii ni nini, mwanangu?"

"Hizo ni takataka. Ni chaki zilizovunjika."

"Na chaki ni nini?"

"Chaki ni jasi iliyoganda."

"Basi umekalia jasi, unalia huna jasi."

Bibi akaeleza pole pole. Poda ya jasi ikikorogwa, hunywa maji na kuyashika. Ndiyo maana huganda. Chaki zikisagwa, zikachekechwa, kisha zikapashwa moto wa kadiri, yale maji hutoka na unga huo hurudi kuwa poda ya jasi. Inaganda tena kama ya mwanzo, au karibu sana.

Vumbi alisema ingekuwa kweli, Shemeji angekwisha kumwambia. Mmoja wa akina mama akacheka mpaka akashika ukuta. Akauliza muuza viatu gani amewahi kumfundisha mteja kushona.

"Usimcheke," Bi Stoo akasema. "Sisi tulikuwa wakubwa kuliko yeye, na tulianguka vibaya zaidi."

Akawasimulia. Kiwanda chao cha chupa kilikuwa na mchanga mlima mzima na chokaa tele. Kitu kimoja tu walinunua mbali, magadi, yanayosaidia mchanga kuyeyuka. Waliyanunua kwa mtu mmoja, nchi moja, kupitia bandari moja. Siku moja bandari ile ilifungwa kwa ugomvi usiowahusu kabisa. Meli haikuja. Tanuru la kioo halizimwi ovyo, kwa sababu kioo kinagandia ndani, na tanuru linaharibika. Basi waliendelea kuunguza mafuta bila kutoa chupa hata moja.

"Mkasimama," akasema binti.

"Tungesimama peke yetu ingekuwa heri. Kiwanda cha dawa kilikuwa kinangoja chupa zetu. Dawa ya kikohozi ilikuwa tayari kwenye mapipa, haina pa kutiwa. Magadi yamekwama bandarini, na mtoto wa mtu anakohoa nyumbani."

Binti akauliza kiwanda kikubwa namna hiyo kilikosaje kuona mapema. Bi Stoo akajibu kwamba ukubwa ulizidisha njaa tu. Kiwanda ni tumbo, na malighafi ndiyo chakula chake. Nchi yenye viwanda vingi ina matumbo mengi ya kulisha. Inataka chuma, shaba, mpira, gesi, na yale madini ya betri yanayochimbwa katika nchi chache tu. Wauzaji wakiwa wachache, mmoja akifunga mlango kwa vita, kwa mafuriko, au kwa kutaka bei mpya, nchi nzima hubaki imekodoa macho. Wafanyakazi hurudishwa nyumbani, ingawa mashine ni nzima na mafundi ni hodari.

"Kwa hiyo wenye akili hawangoji daraja lichukuliwe," akasema. "Wanakaa chini siku ambayo stoo imejaa, wanajiuliza: huyu asipoleta, nani ataleta?"

Mke wa Vumbi alimtazama mumewe. Vumbi akatazama miguu yake.

Walianza kazi mchana uleule. Binti alianza na magunia ya chaki nyeupe, akatoa mawe na vijiti. Akina mama walifunga vitambaa puani na mdomoni, maana vumbi la kusaga si rafiki wa mapafu. Wakatwanga, wakachekecha. Kisha wakatia unga kwenye karai kubwa juu ya jiko, uani penye hewa.

Vumbi alikuwa na haraka. Aliongeza kuni. Bi Stoo akamwambia moto wa kadiri. Bibi alipogeuka, Vumbi akaongeza tena, kwa siri, kama mtoto anayeiba sukari. Ule unga uliungua kupita kiasi. Walipoukoroga na maji ukakataa kuganda. Walingoja mpaka paka akalala, akaamka, akalala tena. Ndani ya kalibu ulibaki tope.

Vumbi alisema basi, hesabu imekwisha, afunge kiwanda akauze kalibu. Sauti yake ilikuwa ndogo. Mkewe akamnyang'anya kijiti cha kuchochea moto.

"Wewe kaa pale ulipozoea kukaa," akamwambia. "Jiko niachie mimi."

Akatoa kuni mbili. Akamimina unga mwingine, akakoroga bila kuacha. Baada ya muda unga mkavu ukaanza kuchemka. Hili si la kubuni. Ulitoa mapovu na mvuke kama uji, bila tone la maji kutiwa, kwa sababu maji yaliyojificha ndani yalikuwa yanatoka. Akina mama walisogea nyuma wakidhani ni uchawi. Mapovu yalipotulia, mke akaipua karai.

Wakachanganya poda ile na ile kidogo iliyobaki stoo, wakakoroga, wakamimina. Vumbi alifungua kalibu mwenyewe. Chaki ikatoka nzima. Alipoikausha vizuri, akaandika ukutani mstari mrefu toka mlangoni mpaka dirishani. Haikukatika.

Akakaa chini. Akacheka, kisha akafuta macho, akasema ni vumbi. Wakamwacha aseme hivyo.

Benchi likaanza kupungua gunia kwa gunia, na maboksi yakaanza kupanda. Lakini Bi Stoo alikuwa na swali lingine. Aliuliza benchi likiisha, watakalia nini na watakula nini. Vipande vinasaidia, lakini havitoshi kulisha kiwanda siku zote. Lazima poda mpya ije, na ije kwa zaidi ya njia moja.

Vumbi alielewa, akaanza kujikuna shingo. Palikuwa na muuzaji mmoja upande huu wa mto, ambaye Vumbi alikwisha kumnywesha chai na kumfukuza kwa adabu. Lakini Shemeji je? Atasema ametupwa.

"Kaka yangu ni kaka yangu," mkewe akasema. "Jasi ni jasi. Ukitaka kumheshimu, mkaribishe chakula. Usimbebeshe nyumba nzima mgongoni, halafu daraja likivunjika tuvunjike naye."

Vumbi akapiga simu. Yule muuzaji hakuwa na kinyongo, ila aliuliza kama safari hii chai itakuwa na sukari.

Chaki zilifika shuleni kabla ya siku ya kufungua. Afisa alivunja moja, akaitazama kati, akaandika nayo kwenye kiganja chake. Kisha akatia sahihi oda ya muhula unaofuata. Habari za mkataba wa kuagiza nje hazikusikika tena. Akina mama wanne walirudi kwenye maboksi yao na kwenye mambo ya mtaa, ambayo yalikuwa yamerundikana.

Daraja lilipotengenezwa, honi ilisikika tangu njia panda. Vumbi akakosa pa kujificha. Shemeji alishuka, akaingia mpaka stoo, akaona magunia ya mtu mwingine. Yalikuwa yamepangwa juu ya mbao ili yasiguse sakafu, ya zamani mbele na mapya nyuma, ili ya zamani yatumike kwanza.

"Shemeji, nilitaka kukueleza," Vumbi akaanza.

"Subiri nianze mimi," Shemeji akasema. "Nilipokwama kule, sikuwa na mteja mwingine. Nimelala njaa na lori limejaa jasi. Sasa nimepata kiwanda cha kutengeneza dari za jasi upande ule. Nimekuja njiani nikijiuliza nitakwambiaje kwamba si wewe peke yako."

Wakatazamana. Kisha wakacheka wakishikana mabega. Mke wa Vumbi alitoka jikoni kuona kuna nini, akawakuta hawawezi kusema. Akawaambia hao ni wazee wazima, wamekuwa wakioneana haya kama wachumba.

Shemeji alichoka kucheka, akataka kukaa. Akageuka barazani, mahali pake pa siku zote. Hapakuwa na benchi. Ukuta ulikuwa mtupu, na sakafuni palibaki alama nyeupe tu.

"Magunia yako wapi?" akauliza.

"Yako shuleni," Vumbi akasema. "Watoto wanayaandikia."

Shemeji akaona gunia moja zuri, limenenepa, juu ya mbao stoo. Akalielekea huku akijishika kiuno. Vumbi akamshika mkono, akamvutia kiti.

"Kaa popote upendapo, shemeji yangu," akasema. "Lakini lile ni la akiba."